Mwaka Mwalimu Alipokataa Ugali

Mume wangu alikataa ugali Jumatatu moja jioni, mbele ya watoto wetu wawili. Nilikuwa nimeusonga vizuri, umeiva, unatoa mvuke, na kando yake kulikuwa na mboga ya mrenda na bakuli la nyama. Alivuta nyama upande wake, kisha kwa kidole kimoja akaisukuma sahani ya ugali polepole mpaka ikafika mbele yangu.

"Kuanzia leo," akasema, "hiki mimi sili tena."

Nilidhani nimeuharibu. Nikamega tonge, nikaonja. Haukuwa na kosa lolote.

Tulikuwa tunakaa karibu na Ekero, miaka ile ya neema ya miwa. Mume wangu alifundisha historia katika shule ya msingi, na kila mtu alimwita Mwalimu, nami pia. Mimi nilikuwa na hoteli ya chai kando ya barabara ambako matrekta yalipita na matela ya miwa kwenda kiwandani. Hoteli ni jina kubwa. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati, mabenchi mawili, na jiko la kuni kwa nyuma. Lakini asubuhi wakata miwa walipoingia, wakiwa na mapanga yao yamefungwa kwa magunia, nilikuwa sipati hata nafasi ya kujikuna.

Kila mwenye kipande cha shamba alikuwa amepanda miwa, sisi pia, wengine mpaka ukutani mwa nyumba. Ukitaka kumwona jirani yako ilibidi uzunguke hadi barabarani. Na sukari, ambayo nilipokuwa mtoto niliiona Krismasi tu au akija mgeni wa heshima, sasa ilikaa mezani katika kopo lisilo na kifuniko. Tuliitia kwenye chai mpaka kijiko kinasita kuzunguka. Tuliitia kwenye uji na kwenye maziwa ya mala, na watoto waliinyunyiza juu ya mkate. Mtu akikuwekea vijiko viwili tu, ulijiuliza umemkosea nini.

Mwalimu akanenepa. Mwanzoni tulifurahi wote. Mama yake alipomwona na kitambi alinishika mikono miwili akanishukuru, maana kwetu mwanamume akinawiri baada ya kuoa, sifa ni za mke.

Kisha ikaja siku ya wazazi shuleni. Kila mwaka kulikuwa na mbio za walimu na wazazi, mzunguko mmoja wa uwanja, jambo la kuchekesha watu tu. Mwalimu alikuwa mkimbiaji alipokuwa chuoni, na hakuacha kutukumbusha. Akavua viatu, akakunja suruali, akachomoka kama mshale. Alipofika nusu ya uwanja akasimama. Hakuanguka, ingekuwa afadhali angeanguka. Alisimama tu, akashika ubavu, akatazama mbele kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, huku mzazi mmoja mwenye mvi akimpita taratibu. Wanafunzi hawakucheka. Walinyamaza kwa heshima, na kunyamaza kule ndiko kulikomchoma. Mwalimu mkuu akampelekea soda. Aliishika mkononi mpaka ikapata joto, asiinywe.

Wakati huo kijana mmoja Mzungu, aliyekuwa amekuja kufundisha sayansi kwa kujitolea, alikuwa amerudi kwao na kuacha boksi la magazeti ya huko. Mwalimu alilibeba nyumbani kwa sababu hakuweza kuona karatasi yenye maandishi ikitupwa. Siku tatu baada ya zile mbio alikuta humo makala ya daktari mmoja aliyedai kwamba magonjwa yote ya watu wa leo yanatokana na kilimo. Binadamu, alisema huyo daktari, aliumbwa kula alichokiwinda na alichokiokota. Tangu ashike jembe, ameharibika. Juu ya makala kulikuwa na picha ya mtu wa zama za mawe amesimama mbele ya pango, mkuki mkononi, kifua kama mlango. Mwalimu aliikata ile picha akaibandika ukutani juu ya meza ya kulia.

Basi jioni ile ya Jumatatu alitusomea sheria. Hakuna ugali. Hakuna mkate, maharage, wala mchele. Hakuna maziwa, kwa sababu maziwa ni ya ndama. Hakuna chumvi. Na sukari, akasema huku akilitazama kopo, sukari ndiyo mbaya kuliko vyote.

"Mahindi yamekukosea nini?" nikamuuliza.

"Mahindi ni mgeni. Yamekuja juzi tu. Babu zetu hawakuyajua."

"Babu zetu walikula wimbi."

"Mimi nazungumzia wa kabla yao. Wa kabla ya jembe."

"Sasa utakula nini?"

"Nyama. Samaki. Matunda, majani, mizizi, asali."

Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa, aliinua macho kwenye picha. "Baba, huyu mke wake yuko wapi?"

Mwalimu alifikiri. "Ameenda kuokota matunda," akasema.

Nilijua pale pale nani atakuwa anaenda kuokota matunda.

Lakini sitasema uongo: wiki za kwanza hazikuwa mbaya. Mwalimu hakuwa mtu wa kulazimisha wengine. Sisi tuliendelea kula chakula chetu, yeye akala chake, na kwa kuwa hakuwahi kuwinda kitu chochote maishani zaidi ya panya wa ghalani, nyama yake ilitoka bucha ya Ekero. Nilimuuliza kama mtu wa kale naye alikuwa na bucha. Akanijibu kwamba palipo na nia hapakosi njia. Nilimtafutia mapera na zambarau, nikamchemshia mboga ya saga bila chumvi, chungu mpaka machozi yanamlenga, naye akaila yote akisema ni tamu. Asubuhi alikwenda shule kwa miguu mitupu akivuka mashamba, viatu mfukoni, akavivaa getini kwa sababu mwalimu mkuu alimwambia waziwazi kwamba zama za mawe zinaishia hapo kwenye geti.

Tumbo likapungua kweli. Ukanda ukasogea tundu moja, kisha la pili. Akaanza kupiga mluzi akioga. Niliupenda ule mluzi. Sikuwa nimeusikia tangu tulipokuwa wachumba, na nikasema moyoni, kama ni saga bila chumvi inayoleta mluzi, basi na iendelee.

Tatizo lilianzia kwenye hoteli yangu. Mwalimu alikuwa na desturi ya kupita pale asubuhi kabla ya shule. Zamani alipita kunywa chai. Sasa alipita kuhubiri. Alisimama mlangoni, mapera mawili mkononi, akawaeleza wakata miwa kwamba kile walichokuwa wanakunywa ni sumu nyeupe, na kwamba mtu wa kale angemshinda yeyote kati yao kwa nguvu na kwa mbio. Mimi niko nyuma nakoroga hiyo hiyo sumu kwenye sufuria kubwa.

"Mama," mmoja akaniuliza, "Mwalimu anasema hii ni sumu. Wewe unatuua?"

"Mwaka wa nne huu nawaua," nikamjibu, "na bado hamjafa. Lete kikombe."

Nyapara wao alikuwa mtu mrefu, mkavu, hana nyama hata ya kumpa paka, na alikunywa chai ya vijiko vitano na kula mandazi sita kabla jua halijapanda. Alimsikiliza Mwalimu kwa adabu siku nyingi. Kisha asubuhi moja akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, mimi sikusoma," akasema. "Lakini Jumamosi tunakata shamba lako mwenyewe. Njoo tukate pamoja. Mimi nitakula hiki changu, wewe kula hicho chako cha watu wa kale. Tutaona."

Mwalimu angeweza kucheka akapita. Badala yake akanyoosha mkono, wakapeana.

Jumamosi aliamka kabla ya jogoo. Akala nyama baridi na mapera, akakataa hata maji ya moto niliyomchemshia, akafunga kitambaa kichwani. Mimi nilifunga hoteli nikamfuata. Wateja wangu wote walikuwa huko shambani hata hivyo.

Miwa ilikuwa imechomwa jana yake ili majani yaondoke, na masizi yalikuwa bado yanapepea. Kila mkataji alipewa mstari wake. Mwalimu alianza vizuri, nakiri. Aliinama, akakata chini kabisa karibu na udongo kama inavyotakiwa, akapogoa kilele, akatupa kwenye tuta, akainama tena. Kwa muda alikwenda sambamba na nyapara, na vijana wakawa wanapiga kelele za kumtia moyo. Nilikuwa nimesimama na mama mmoja jirani, naye akaniambia, "Kumbe mume wako bado ni kijana." Nikajisikia kama msichana.

Jua lilipopanda juu ya kiwanda, mambo yakabadilika. Nyapara hakuongeza kasi wala hakupunguza. Mkono wake ulikwenda vile vile tangu asubuhi. Wa Mwalimu ulianza kuchelewa. Akawa anakata muwa mmoja mara mbili, mara tatu. Kisha nikaona ananyoosha mgongo na kutazama mbele kwa ile sura ya uwanjani. Nilikuwa nimeanza kukimbia kabla hajakaa chini. Alikaa juu ya tuta la miwa, uso umejaa masizi, midomo imepauka.

Nyapara alifika kwanza. Hakusema neno la kumcheka. Aliokota muwa, akaumenya kwa panga haraka haraka, akakata kipande, akampa.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Huu ulipandwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Mwalimu," nyapara akamwambia, "hata wewe ulipandwa. Tafuna."

Akatafuna. Nilimwona akifumba macho maji ya muwa yalipoingia kooni. Kipande cha pili hakungoja kupewa. Nyapara akakaa kando yake, akamenya chake, wakatafuna pamoja wakitema makapi miguuni, na baada ya muda nikasikia kicheko cha Mwalimu. Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, na wale vijana, waliokuwa wanangoja ruhusa, wakacheka naye.

Ningedhani yaliishia hapo. Lakini mume wangu ni msomi, na msomi akishindwa husema hakusoma vizuri. Asubuhi ya Jumapili, tukitoka kanisani, aliniambia kwamba kosa halikuwa la watu wa kale. Kosa lilikuwa lake. Alikuwa amekula vyakula vya kale kwa kukisia, kutoka gazeti la watu wasiolijua pori letu. Mama yake alikuwa hai, kule Navakholo. Yeye alikuwa amekula vya porini kwa kinywa chake mwenyewe. Shule ikifungwa, angekwenda kuandika kila kitu kwenye daftari.

Tulikwenda sote wanne, watoto mbele na nyuma ya baiskeli yake, mimi na ya kuazima. Alibeba daftari jipya, kalamu mbili, na ile picha ameikunja ndani.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Watoto walimwita Kukhu, yaani bibi. Alipoelezwa kwamba mwanawe amekuja kujifunza walivyokula zamani, alimtazama kwanza kama anayempima homa, kisha akafurahi mno. Hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo hilo miaka yote. Wajukuu wengine walimtaka awaeleze mambo ya kanisa na ya ukoo. Hili la kula, hakuna.

Siku tatu zile zilikuwa nzuri kuliko sherehe yoyote ninayoikumbuka. Alitupeleka kando ya mto kutuonyesha majani: haya unachuma, haya unaacha, haya unachuma machanga tu. Alituonyesha uyoga unaoota kwenye kichuguu, na jinsi ya kuugeuza kuangalia tumbo lake kabla ya kuuamini. Kwa jirani tuliona vikapu vya kunasia kware, ambao kwetu tunawaita isindu, vimening'inia kwenye mti mrefu, ndege wa ndani wakiwaita wenzao wa porini waje. Mvua ya jioni ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini, na Kukhu, na umri wake wote, alipiga magoti akawa anawakusanya na wajukuu, akila wengine wakiwa hai huku binti yangu akipiga mayowe na kuomba naye apewe. Mwalimu aliandika. Aliandika mpaka kidole kikaingia wino.

Siku ya tatu, mchana, tukiwa tumekaa nje tunachambua mboga, Mwalimu alisoma kwa sauti yote aliyoyaandika, kurasa kumi na moja. Kisha akasema, "Mama, unaona? Mlikuwa na kila kitu. Ndiyo maana mlikuwa na nguvu. Sisi ndio tumepotea." Akatoa ile picha, akaikunjua juu ya goti la mama yake.

Kukhu aliichukua. Macho yake yalikuwa mazuri bado. Aliigeuza kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu sana.

"Huyu anakaa porini?"

"Ndiyo, Mama."

"Na anawinda kwa mkuki?"

"Ndiyo."

"Mbona hana kovu hata moja?" akauliza. "Miguu yake kama ya mtoto wa chifu. Meno yote yako. Mtu wa porini gani huyu?"

Mimi nilicheka. Mwalimu akaanza kueleza kwamba ni mchoro tu, kwamba mchoraji hakuwepo. Lakini Kukhu alikuwa ameiweka picha chini na kurudi kwenye mboga, na alipoendelea kusema hakuwa anacheka.

"Haya yote uliyoandika ni kweli. Tulikulanga. Lakini hujaandika ni lini."

"Lini vipi, Mama?"

"Uyoga na kumbikumbi, hivyo tulikulanga kwa furaha, na obusuma ya wimbi kando. Lakini ile mizizi uliyoandika ukurasa wa nne, hiyo hakuna mtu aliila akiwa na wimbi ghalani. Hiyo tulichimba nzige walipomaliza shamba. Unachemsha, unamwaga maji. Unachemsha, unamwaga. Mara tatu. Usipofanya mara tatu, inaua."

Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Kaka yako mkubwa, yule sijawahi kukuambia vizuri. Sikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeenda mbali kuchimba zaidi. Mtoto wa jirani aliyekuwa anamwangalia alimwona analia na njaa, akamtolea mzizi kwenye chungu, ukiwa bado kwenye maji ya pili." Akatikisa majani, akayaweka kwenye ungo. "Alikuwa ameanza kutembea."

Mwalimu alijua alikuwa na kaka aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa ameambiwa ni homa. Nilimwona akifunika kalamu, halafu akifunga daftari, na akakaa nalo mapajani, mikono juu yake, kama mtu aliyekaa kanisani.

Baadaye Kukhu ndiye aliyemwonea huruma. Akamgusa goti. "Usiumie moyoni. Nimekuambia kwa sababu uliuliza. Nilifurahi uliuliza." Kisha akasema, kana kwamba amekumbuka jambo jingine kabisa, "Sukari nilionja mara ya kwanza wewe ukiwa tumboni. Baba yako aliileta imefungwa kwa kijikaratasi. Nililamba kidole nikasema, kumbe Mungu alikuwa na hii muda wote."

Jioni alichinja jogoo. Alisonga mwenyewe obusuma, ule ugali wa wimbi, akakataa nimsaidie, na akaiweka mbele ya mwanawe pamoja na paja na firigisi, sehemu ya mwanamume wa nyumba.

"Kula," akamwambia.

Mwalimu akanawa, akamega, akala. Alikula mpaka akaikwangua sahani. Watoto walimtazama kama watu wanaotazama mvua baada ya kiangazi, kisha nao wakala. Chai ilipokuja, Kukhu alitia vijiko vinne kwenye kikombe chake, akamsogezea mwanawe kopo. Mwalimu akatia kimoja. Akamtazama mama yake. Akatia kingine.

Tulirudi Ekero, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Mwalimu hakurudi kuwa vile alivyokuwa kabla, wala hakuendelea na zama za mawe. Aling'oa mistari michache ya miwa karibu na jikoni, jambo lililowashangaza majirani, akapanda wimbi na mboga za saga na mitoo, mbegu zote kutoka kwa mama yake. Aliendelea kutembea kwenda shule kwa miguu mitupu, akasema hiyo haina uhusiano na nadharia yoyote, anapenda tu umande. Mluzi wa bafuni ukabaki. Mimi nilianza kupika uji wa wimbi hotelini, kwa majaribio, na nyapara akawa mteja wake wa kwanza. Yeye na Mwalimu walikuwa marafiki tangu siku ile ya tuta. Walibishana kila asubuhi kuhusu mambo ya dunia, mmoja na mandazi, mwingine na ndizi, na kama kuna aliyeshinda mabishano hayo mimi sikumwona.

Siku ya wazazi iliyofuata alikimbia tena. Alimaliza mzunguko. Wa mwisho kabisa alikuwa mwalimu wa muziki, na wa pili kutoka mwisho alikuwa mume wangu, na binti yetu alishangilia kana kwamba ameleta kombe.

Lakini jambo ambalo ninalikumbuka kwa furaha zaidi lilitokea muhula uliofuata. Mwalimu alifika kwenye somo la watu wa kale. Badala ya kulifundisha kutoka kitabuni, alimwomba mwalimu mkuu ruhusa, akaenda Navakholo kumleta mama yake. Kukhu alikuja amevaa gauni la Pasaka na kitambaa cheupe kichwani, na kwa kuwa aliogopa kuingia peke yake, nilifunga hoteli nikaingia naye. Hakuwa amewahi kukanyaga ndani ya darasa maisha yake yote. Alipapasa dawati la kwanza, akapapasa ubao, akatazama vumbi la chaki kwenye kidole chake.

Mwalimu alimpa kiti. Akakataa, akasimama.

"Mulembe," akawasalimu.

"Mulembe, Kukhu!" darasa zima likaitikia, watoto karibu hamsini.

Akaruka kidogo kwa ile sauti, kisha akacheka, na woga ukamwisha. Aliwaambia walivyolala, walivyowasha moto, walivyomwogopa chui. Mwalimu aliketi nyuma kwenye dawati dogo, magoti yamefika kidevuni, na hakuingilia hata mara moja. Watoto wakaanza kuuliza. Mlikuwa na viatu? Hapana. Mlikuwa mnapiga mswaki? Ndiyo, kwa kijiti. Mlikuwa mnaogopa nini zaidi? Mvua kuchelewa, akasema.

Msichana mmoja wa nyuma, mwembamba, akasimama. "Kukhu, mlikuwa na furaha?"

Kukhu aliweka mikono kiunoni akafikiri. "Furaha ilikuweko. Tulichezanga ngoma mpaka vumbi linafunika watu. Njaa ilikuweko pia. Vyote viwili vililalanga kwa nyumba moja."

"Ungependa kurudi huko?"

"Na nani?" akajibu. "Wote wako hapa, au wamekufa." Watoto wakacheka, naye akacheka nao, ingawa sidhani alikuwa amesema mzaha.

Kengele ilipolia hakuna aliyetoka. Ilibidi Mwalimu asimame awafukuze. Tukatoka na Kukhu polepole, nimemshika mkono, tukipita kando ya uwanja, naye alikuwa amechoka na jasho likimtoka chini ya kitambaa. Tulipoanza kuiona hoteli akajifuta uso.

"Wale watoto wanaulizanga vizuri," akasema. Kisha, baada ya hatua chache, "Hawakuniuliza jinsi ya kunasa kware."

"Hawakujua waulize, Mama."

"Jumanne ijayo kuna darasa tena?"

Nikamwambia kwamba sijui, tutamuuliza Mwalimu. Akasema hana haraka ya kurudi Navakholo, kuku wake wana mtu wa kuwaangalia.